Wakili wa Chuo si Wakili Wako

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Hata hivyo, wahenga hao hawakuwahi kusimama mbele ya dawati la idara ya uhamiaji katika nchi ngeni, cheti cha ndoa mkononi, watoto wawili wakiwang'ang'ania nguo, na barua ya chuo kikuu iliyokwisha muda wake juzi. Hapo mgeni hamponyi mtu; yeye mwenyewe ndiye anayetafuta wa kumponya. Swali ninalotaka tulitafakari leo, walimu wenzangu pamoja na nyinyi wanafunzi mnaoota kuvuka bahari kwa ajili ya masomo, ni hili: katika jiji la vyuo vikuu, ambako kila mtaa una profesa na kila profesa ana ofisi, ni nani hasa anayemsemea mgeni huyo na jamaa yake?

Jibu linalotolewa aghalabu ni rahisi mno. Husemwa kwamba chuo kina ofisi ya kuwashughulikia wageni, kwamba ofisi hiyo ina wafanyakazi wakarimu, na kwa hiyo hapana haja ya kupoteza fedha kwa wakili. Jibu hili nimelisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, na kila mara hutolewa na mtu ambaye bado hajasafiri. Naliona kuwa jibu la hatari. Ofisi hiyo ni ya chuo. Wafanyakazi wake wameajiriwa na chuo, na siku masilahi ya chuo na ya mgeni yatakapoachana njia, watafuata njia ya mwajiri wao. Kusema hivyo si kuwatusi. Ndivyo kazi yao ilivyo.

Nitachukua jiji moja tu, Cambridge, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa sababu historia yake inatugusa sisi Wakenya kuliko tunavyodhani. Jiji lenyewe ni dogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 118,403, yaani hata hawafiki idadi ya watu wa baadhi ya mitaa ya Nairobi. Lakini ndani ya jiji hilo dogo mna Chuo Kikuu cha Harvard na ile taasisi ya teknolojia ijulikanayo kama MIT, na ng'ambo ya mto Charles kuna Boston na vyuo vyake vingi.

Mwaka 1962 aliwasili Cambridge kijana kutoka Nyanza aliyeitwa Barack Obama, ambaye mwanawe wa jina hilohilo angekuja kuwa rais wa Marekani. Alikuwa amevuka bahari mwaka 1959, enzi zile za safari za wanafunzi zilizoandaliwa na Tom Mboya, akasoma Hawaii, kisha akapata nafasi Harvard ili asomee shahada ya uzamifu katika uchumi. Kufikia katikati ya mwaka 1964 alikuwa amemaliza masomo ya darasani na kufaulu mitihani ya jumla, na kilichobaki kilikuwa tasnifu. Akaomba kuongezewa muda wa kukaa nchini. Idara ya uhamiaji ikamkatalia, na mwezi Julai mwaka huo akarudi nyumbani.

Yaliyokuwa yamejiri nyuma ya pazia hayakujulikana kwa umma hadi mwaka 2011, jalada lake la uhamiaji lilipotolewa kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya uhuru wa habari. Kumbukumbu zilizomo zinaonyesha maofisa wa uhamiaji wakishauriana na maofisa wa chuo juu ya mwanafunzi huyu: ndoa zake, mwenendo wake na wanawake, fedha zake. Kisha mwanafunzi akaandikiwa barua na ofisi ya wageni ya chuo, ikimfahamisha kwamba idara yake haikuwa na fedha za kumtunza Cambridge, na kwamba ingefaa arejee Kenya akaiandikie tasnifu huku. Insafu inanidai niongeze kuwa chuo, kilipoulizwa mwaka huo wa 2011, kilisema hakikuona katika majalada yake chochote cha kuthibitisha maelezo ya idara ya uhamiaji. Iwe iwavyo, tasnifu haikukamilika. Harvard ilimpa shahada ya uzamili mwaka 1965, na ile ya uzamifu hakuipata hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1982.

Mwenendo wa mtu huyo katika mambo ya ndoa si wa kutetewa hapa, na wala hauhusiki na hoja yangu. Ninachotaka msomaji akione ni mpangilio wa mazungumzo yale. Kulikuwa na serikali, kulikuwa na chuo, na kulikuwa na jalada lililopita kati yao. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa mada.

Kisa hiki kina mkia, na mkia wake ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 1963 Barack alikuwa amemleta ndugu yake mdogo kwa baba, Onyango Obama, asome katika shule moja ya wavulana humo humo Cambridge. Kijana huyu hakurudi Kenya. Miaka ikapita, hadhi yake ikaharibika, amri ya kumfurusha ikatolewa, na rufani yake ikatupwa mwaka 1992. Aliendelea kuishi kimya kimya katika vitongoji vya Boston hadi Agosti 2011, alipokamatwa mjini Framingham kwa tuhuma ya kuendesha gari akiwa amelewa, na hapo jina lake likawafanya waandishi wa habari wamiminike kama nzi.

Safari hii alikuwa na mawakili. Walikwenda kuchokora kifungu cha kale cha sheria ya uhamiaji, kinachomruhusu kuomba ukaazi wa kudumu mtu aliyeishi Marekani mfululizo tangu kabla ya Januari 1, 1972, akiwa na tabia njema. Desemba 2013 jaji wa uhamiaji mjini Boston, Leonard Shapiro, alikubali ombi hilo, na mzee aliyekuwa ameishi huko kwa miaka 50 akaruhusiwa kukaa. Jaji huyohuyo alikuwa amempa hifadhi mwaka 2010 dada yao, Zeituni Onyango, ambaye ombi lake la awali lilikuwa limekataliwa mwaka 2004 na kuamriwa aondoke. Yeye pia aliwakilishwa na mawakili aliporudi mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba walisaidiwa na jina, maana wakati huo mpwa wao alikuwa Ikulu. Yamkini jina liliwavutia mawakili hodari, sitabisha. Lakini kifungu kile cha mwaka 1972 hakikutungwa kwa ajili ya ukoo wa rais. Tarehe hiyo iliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, na kuanzia hapo kifungu kilikaa vitabuni kwa miaka 27 kikimngoja mtu wa kukifungua ukurasa. Sheria ya uhamiaji imejaa vifungu vya aina hiyo. Mwenye hadhi mbovu havijui, na ofisa aliye ng'ambo ya dawati halazimiki kumwonyesha.

Sasa turudi kwenye ofisi ya chuo na tuitazame kwa makini zaidi, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu hutegemea. Tangu mwaka 2003 kila mwanafunzi mgeni nchini Marekani huandikwa katika sajili ya kompyuta ya serikali iitwayo SEVIS, na anayeandika humo ni ofisa wa chuo. Mwanafunzi akihama nyumba, anapaswa kutoa habari kwa muda wa siku 10. Akipunguza masomo bila idhini, akiacha chuo, au hadhi yake ikibadilika, ofisa ana siku 21 za kuiarifu serikali. Je, msomaji ameielewa maana yake? Mtu yule mpole unayemwendea kwa siri, ukamweleza kwamba ulishindwa karo ukafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, ndiye huyo huyo aliyepewa kalamu ya kukuandika. Anayoambiwa wakili na mteja wake hulindwa na sheria. Anayoambiwa ofisa wa chuo hayana ngao ya aina hiyo.

Hili lilidhihirika mwaka 2025, mwaka uliokuwa mgumu mno kwa wageni wa Cambridge na majirani zake. Machi 25 mwanafunzi wa uzamifu kutoka Uturuki, Rümeysa Öztürk, wa Chuo Kikuu cha Tufts, alikamatwa barabarani mjini Somerville, jirani kabisa na Cambridge, na watu waliojifunika nyuso. Viza yake ilikuwa imefutwa siku chache kabla bila yeye kujua. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshiriki kuandika makala ya maoni katika gazeti la wanafunzi. Usiku uleule wakili wake aliwasilisha ombi mahakamani Boston. Alipokuwa akiliwasilisha, mteja wake alikuwa amekwisha kuvushwa hadi jimbo la Vermont, na kesho yake akasafirishwa kwa ndege hadi Louisiana, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000.

Kwa kuwa ombi liliingia mahakamani angali Vermont, kesi haikumfuata Louisiana. Ilipelekwa kwa jaji wa Vermont, na Mei 9 jaji huyo akaamuru aachiliwe. Saa chache ndizo zilizoamua kesi itasikilizwa wapi. Chuo chake nacho hakikukaa kimya, kiliandika kumuunga mkono, na kinastahili heshima kwa hilo. Lakini barua ya chuo ni ushahidi, na mahakama haianzi kazi kwa ushahidi. Huanza kazi kwa ombi, na ombi lile liliandikwa na wakili wa mwanafunzi mwenyewe.

Mwezi uliofuata, maelfu ya wanafunzi kote Marekani walifutwa katika ile sajili ya SEVIS. Katika vyuo vingi ofisi za wageni ziligundua jambo hilo kwa kufungua kompyuta asubuhi na kuona majina yamekatwa. Wanafunzi waliokwenda mahakamani na mawakili wao walipata amri za kusimamisha hatua hiyo katika jimbo hili na lile, na Aprili 25 serikali ikaiambia mahakama kwamba ingerejesha majina yale.

Kisha likaja la Harvard yenyewe. Mei 22 serikali ilitangaza kukifutia chuo hicho kibali cha kusajili wageni. Wanafunzi wake wa kigeni walikuwa wapatao 6,800, zaidi ya robo ya wanafunzi wote. Kesho yake chuo kilishtaki, na siku ileile Jaji Allison Burroughs akaisimamisha amri. Kwa hiyo mwaka 1964 kumbukumbu zinakionyesha chuo kikishauriana na idara ya uhamiaji juu ya mgeni mmoja, na mwaka 2025 kikasimama mahakamani dhidi ya serikali kwa ajili ya wageni wote. Kuna watakaoona hapo kuwa chuo kimetubu. Mimi naona kwamba mara zote mbili kilifuata masilahi yake, na mwaka 2025 masilahi hayo, kwa bahati njema, yalikwenda pamoja na ya wanafunzi. Mgeni mwenye busara hushukuru bahati kama hiyo, lakini haitegemei.

Niliyoyasema mpaka sasa yanawahusu zaidi wanafunzi. Wahadhiri na wataalamu wengine, watu ambao kwa kawaida hujidhania kuwa wako salama kwa sababu wana mishahara, wamo katika mtego uleule ila wao umetandikwa zulia.

Mhadhiri mgeni mara nyingi hufanya kazi kwa kibali kiitwacho H-1B. Ombi la kibali hicho ni la mwajiri. Jina la chuo ndilo linaloandikwa mahali pa mwombaji, na wakili anayelitayarisha mara nyingi ni wakili aliyechaguliwa na chuo. Kuna fomu moja ndogo, G-28, ambayo wakili huijaza kueleza anamwakilisha nani. Ni fomu ya kurasa chache, na mhadhiri wa kigeni anayetaka kujua ukweli wa hali yake aombe kuiona. Akikuta jina la chuo peke yake, basi ajue kwamba yule bwana aliyekuwa akimwita kila wiki kuuliza habari za shahada zake hakuwa wakili wake hata siku moja.

Tofauti hiyo hudhihirika katika mambo madogo. Vyuo vikuu havifungwi na kile kiwango cha vibali 65,000 kwa mwaka, na vingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za Marekani, ambavyo kampuni hugombea kwa kura. Vilisamehewa kwa sheria ya mwaka 2000. Basi mtafiti wa MIT huona kampuni za dawa zilizojaa pale Kendall Square, hatua chache kutoka maabara yake, zikimwahidi mshahara maradufu. Anavuka barabara kwa miguu, lakini katika sheria amevuka bahari, maana kampuni ile italazimika kumtia katika kura kama mtu mpya. Wakili wa chuo hana sababu ya kumweleza habari hizi. Anayeondoka si mteja wake, na wala kabla ya hapo hakuwa.

Septemba 2025 rais wa Marekani alitoa agizo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Kwa wiki kadhaa watu walihangaika, wengine wakakatiza likizo wakakimbilia ndege. Oktoba idara husika ikafafanua kwamba malipo hayo hayakumgusa aliye ndani ya nchi kihalali anayebadilisha hadhi yake akiwa humo humo. Hebu fikiria mwanafunzi aliyemaliza shahada yake Cambridge na kuahidiwa kazi, kisha akarudi Kisumu kumzika nyanya yake kabla ya ombi la kubadili hadhi kukubaliwa. Safari ya wiki mbili ingeweza kumtoa katika kundi la wasiolipa na kumtumbukiza katika kundi la wanaodaiwa dola 100,000. Hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya kununua tiketi.

Kuna na jambo la miezi 18. Chuo kinapomwajiri mwalimu mgeni baada ya kuwashindanisha waombaji, sheria inakiruhusu kuutumia ushindani uleule kumwombea ukaazi wa kudumu, bila kutangaza nafasi upya, mradi ombi liwasilishwe kabla ya miezi 18 kupita tangu achaguliwe. Muda huo ukipita, kazi ya kutangaza huanza tena, na safari hii mwalimu hushindanishwa kwenye kiti anachokikalia. Nani anayehesabu miezi hiyo? Mkuu wa idara ana mihadhara yake. Ofisi ya ajira ina mamia ya majalada. Mwalimu mwenyewe hana habari. Wakili wake binafsi angeandika tarehe hiyo ukutani siku ya kwanza, na pengine angemweleza pia kwamba zipo njia ambazo mtaalamu hujiombea mwenyewe pasipo mwajiri, ikiwamo ile ya kuthibitisha kuwa kazi yake ina manufaa kwa taifa zima, ambayo masharti yake yalilegezwa kwa uamuzi wa mwaka 2016.

Lakini penye uchungu hasa ni nyumbani. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa sekondari kutoka Nyeri aliyepata nafasi ya kusomea uzamifu. Mkewe ni muuguzi. Wana binti wa miaka 16. Yeye anaingia kwa viza ya F-1, mke na mtoto wanaingia kwa F-2 kama wategemezi. Mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi yoyote ya malipo. Muuguzi wa miaka kumi, aliyezoea kuokoa watu, anakaa katika chumba kimoja Cambridge, ambako kodi ya nyumba ni ya kutisha, akitazama theluji. Baada ya mwaka mmoja, rafiki anamweleza kwamba Lowell, mji wa jirani ambako Wakenya wengi wamefanya makazi, kuna mzee anayehitaji kutunzwa usiku, na malipo ni taslimu. Nani atamlaumu? Sheria itamlaumu. Siku atakapoomba hadhi nyingine, usiku ule wa Lowell utaulizwa. Na akidanganywa atie alama katika fomu ya kazi kwamba yeye ni raia wa Marekani, atakuwa amejifungia mlango ambao sheria ya mwaka 1996 haikuuwekea ufunguo ila kwa watu wachache mno.

Mtu huyo huyo angemwona wakili kabla ya kupanda ndege angeulizwa maswali tofauti. Je, chuo kinakuruhusu uchague kati ya F-1 na J-1? Ukija kwa J-1, mkeo ataweza kuomba kibali cha kazi. Lakini baadhi ya wenye J-1, kama vile wanaogharimiwa na serikali, hufungwa na sharti la kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kupata H-1B au ukaazi wa kudumu, na mke na mtoto hufungwa nao. Kipi kina uzito kwenu? Na huyu binti wa miaka 16, masomo ya baba yakichukua miaka sita, atatimiza miaka 21 kabla hayajakwisha, na siku hiyo atakoma kuwa mtegemezi. Mmempangia nini? Maswali haya hayana jibu moja. Kila jamaa ina lake, na ndiyo maana hayatoshi kujibiwa na kijitabu cha chuo.

Atakayesema kuwa mawakili ni ghali anasema kweli. Marekani, ambako maskini anayeshtakiwa kwa wizi hupewa wakili na serikali, mgeni anayetaka kufurushwa hapewi. Sheria inasema anaweza kuwa na wakili pasipo gharama kwa serikali. Utafiti wa Ingrid Eagly na Steven Shafer, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuchunguza kesi zaidi ya milioni moja za kati ya mwaka 2007 na 2012, ulikuta kwamba ni asilimia 37 tu ya watu waliokuwa na wakili katika mahakama za uhamiaji. Kwa waliokuwa kizuizini ilikuwa asilimia 14.

Hata hivyo jiji la vyuo lina neema yake, nayo ni kwamba sheria hufundishwa humo. Kitivo cha sheria cha Harvard kina kliniki ya wahamiaji na wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1984, ambamo wanafunzi wa sheria hushika kesi za watu wasio na kitu huku wakisimamiwa na mawakili waliokomaa. Utaona kinaya: ndani ya ua wa chuo kilekile kuna ofisi inayoandika katika sajili ya serikali, na kuna kliniki inayomtetea mgeni dhidi ya serikali hiyo. Jiji lenyewe lilijitangaza kuwa kimbilio la wageni mwaka 1985, na lina tume yake ya haki za wahamiaji. Hali kadhalika, yako mashirika yasiyo ya faida yaliyotambuliwa na Wizara ya Haki, ambayo wafanyakazi wake, ingawa si mawakili, wameidhinishwa kusimamia mambo ya uhamiaji. Na kwa kuwa sheria hii ni ya taifa zima, wakili mwenye leseni ya jimbo lolote anaweza kuishika kesi iliyoko Massachusetts.

Asiye na leseni wala idhini hiyo, hata akiwa mwenzetu wa kijijini, hata akiwa mzee wa kanisa anayejaza fomu sebuleni kwake kwa dola mia mbili, ni dalali. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu udalali huu hauanzi ng'ambo. Huanza hapa kwetu. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret, mji wa vyuo ambao mwaka uliofuata ulipandishwa hadhi kuwa jiji, wakidai fedha walizokuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka watoto Finland na Canada. Baadhi yao walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Kuna wanafunzi waliokuwa wamekwisha kufika Finland wakafutwa vyuoni kwa sababu karo haikuwafikia wenye vyuo. Maofisa walifikishwa mahakamani, na mahakama ndiyo yenye neno. Langu ni kwamba katika mpango wote ule, wa mamia ya familia, mzazi alikuwa na kaunti, alikuwa na benki, alikuwa na chuo cha mbali. Hakuwa na mtu hata mmoja aliyelipwa kumsomea yeye mkataba.

Jambo hili linaweza kurekebishwa hapa nyumbani kwa gharama ndogo. Nairobi nayo ni jiji la vyuo. Tuna kitivo cha sheria Parklands na vingine kadhaa, na tuna desturi ya msaada wa sheria iliyoanza kitambo. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973 na mawakili waliojitolea kuwahudumia wasioweza kulipa. Sioni kwa nini vitivo hivyo visitenge Jumamosi mbili kila mwaka, moja mwezi Mei na nyingine Julai, kabla ya wanafunzi kusafiri, mhadhiri mmoja na wanafunzi wake wa mwaka wa nne wakae na kila anayeondoka, pamoja na mume au mke wake, wazisome barua za chuo mstari kwa mstari. Hawahitaji kuwa mabingwa wa sheria za Marekani, Uingereza au Canada. Wanahitaji kujua maswali ya kuuliza, kuandika tarehe kwenye karatasi, na kumpa msafiri jina la kliniki au shirika lililoidhinishwa katika jiji aendako, pamoja na nambari yake ya simu iliyoandikwa kwa kalamu, mahali pasipokuwa ndani ya simu yenyewe, maana anayekamatwa hunyang'anywa simu kwanza.

Nasi walimu wa shule tunaoandika barua za kuwapendekeza vijana hawa, tunapotia sahihi na kupiga muhuri, tuwaulize kama wamezungumza na mtu yeyote zaidi ya chuo kinachowaita. Wengi watatuambia hapana. Barua na ipelekwe, lakini kijana na apewe pia siku ya ile Jumamosi.